Aliyelijua Neno la Mwanangu

Mtu aliyekuja kumchukua mwanangu shuleni alilijua neno letu la siri.

Neno hilo duniani tulikuwa tunalijua wawili tu, mimi na mwanangu. Hata baba yake mzazi, ninayelala naye kitanda kimoja, hakulijua.

Ndugu zangu wameniomba nisiyaandike haya. Wanasema yameshapita. Wewe mwenye mtoto shuleni soma hadi mwisho, halafu uniambie kama yamepita.

Yalianzia kwenye kikao cha wazazi.

Shule ilituma ujumbe kwenye simu zetu. Jumamosi kuna mtaalamu wa malezi, anakuja kuzungumza na wazazi juu ya kulea watoto katika zama hizi. Mzazi asikose.

Mimi nauza kwenye duka la dawa. Kutwa nzima nimesimama, ikifika Jumamosi miguu yangu haitaki kusikia habari ya kikao. Nikajaribu kumsukumia mume wangu.

"Nenda wewe," akasema. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. "Mimi macho yamejaa moshi wa wiki nzima. Nitasinzia pale mbele niaibishe ukoo."

Basi nikaenda.

Ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, feni inayolia kama mlango mbovu, na mtambo wa picha uliogoma kuwaka hadi ukapigwa kofi. Pembeni yangu alikaa Baba Pacha, fundi wa majokofu, na mkoba wake wa vifaa miguuni. Anaitwa hivyo kwa sababu ana mapacha darasa moja na mwanangu.

"Hivi siku hizi kulea nako kuna fundi?" akaninong'oneza.

"Nyamaza bwana, tusikie."

Mtaalamu akapanda jukwaani. Tulimwita Daktari, na hakuna aliyeuliza ni daktari wa nini. Shati jeupe, mikono imekunjwa, sauti ya chini. Alikuwa anaongea taratibu kiasi kwamba ukumbi mzima uliinama mbele kumsikiliza.

"Nani hapa anajua mwanawe anaogopa nini?"

Mikono ikanyooka, na wangu ukiwemo.

"Na nani anajua mwanawe anaogopa kumwambia nini?"

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Hata Baba Pacha aliacha kutafuna kijiti chake.

Huyu mtu alijua kazi, sitamdhulumu. Aliongelea simu, michezo ya kwenye kioo, na watoto wanaolelewa na televisheni huku sisi tunahangaikia mkate. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Mwishoni akatupa dawa.

"Chagueni neno," akasema. "Wewe na mwanao tu. Siku mtu akija kumchukua mtoto, asipolisema neno hilo, mtoto haendi. Hata kama ni askofu, hata kama ni shehe."

Tulipiga makofi hadi viganja vikawasha.

Mwalimu Mkuu, mama mmoja mchangamfu anayependa mambo ya kisasa, akasimama hapo hapo. Kuanzia Jumatatu, akatangaza, getini tunatumia neno. Zamani mlinzi wetu alikuwa anatazama sura. Sura asiyoijua anairudisha ilikotoka, hata ulie. Kuna shemeji yangu aliwahi kusimamishwa pale juani hadi akakata tamaa. Sasa ikawa anayelisema neno mbele ya mtoto, mtoto abebe begi waende.

Tuliona tumeendelea.

Jioni nilimvuta mwanangu bafuni, nikafungulia maji ili tusisikike. Nyumbani tunamwita Kasuku, kwa sababu anaongea tangu anaamka hadi usingizi umshike katikati ya sentensi.

"Tunataka neno ambalo hakuna mtu anaweza kulibahatisha," nikamwambia.

Akafikiri, kidole mdomoni.

"Bata kavaa soksi."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Yeye naye akacheka. Kila tukijaribu kulisema kwa uzito kama watu wazima, tunaangua upya. Wifi yangu akagonga mlango: "Nyie humo ndani mmekunywa nini?"

Wifi yangu ni mdogo wa mume wangu. Tulikuwa tunaishi naye tangu Kasuku azaliwe. Anashonea nguo pale pale nyumbani, anapika, anamsuka mtoto. Nilipenda kumtania kwamba nyumba ni yake, mimi ni mpangaji.

Hata yeye sikumwambia neno. Daktari alisema wawili tu.

Wiki iliyofuata Daktari akaja kuzungumza na watoto wenyewe, darasa kwa darasa. Anajitolea, tukaambiwa. Asubuhi hiyo nikiwa namfunga Kasuku vifungo vya shati, nilimwambia kwa mdomo wangu huu:

"Leo yule mtaalamu anakuja kwenu. Msikilize vizuri. Chochote atakachowaambia, fanya."

"Chochote?"

"Chochote."

Zikapita siku chache. Mchana mmoja nilikuwa namhudumia mzee anayetaka dawa ya kikohozi. Simu ikaita. Mwalimu wa zamu.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Kaka yako yuko hapa getini, ila mtoto anasumbua kidogo, anagoma kuondoka."

Mimi sina kaka. Kwetu tumezaliwa wasichana watupu.

Nilipiga kelele dukani. "Msimwachie! Msimwachie mtoto!"

Nilimwacha mzee na chupa yake mkononi. Nilikimbia barabarani na koti jeupe la duka, kiatu kimoja kikabaki mtaroni. Watu waliniita kichaa, nikawasikia.

Nilipofika, mtu ameshaondoka.

Kasuku alikuwa chini ya meza ya mlinzi, kakumbatia begi. Mlinzi, mtu mzima wa watu, alikuwa anatetemeka kuliko mtoto.

"Kalisema neno, mama. Nimelisikia kwa masikio yangu haya, na mtoto akakiri ndilo. Nikamwambia mtoto, haya, nenda. Mtoto akaingia chini ya meza."

"Mtu mwenyewe yukoje?"

"Wa kawaida tu. Kofia, shati la mikono mirefu. Mpole. Hata hakugomba. Kasema basi nitarudi."

Nitarudi.

Nilipiga magoti. "Mama, kwa nini hukwenda naye?" Namwitaga hivyo mwanangu, mama.

"Hakucheka," akasema.

"Nini?"

"Alisema bata kavaa soksi, lakini hakucheka. Mama, lile neno haliwezekani bila kucheka."

Nikakaa pale pale kwenye vumbi, mguu mmoja peku.

Polisi walichukua maelezo. Askari akafunga kalamu yake, akanitazama kwa huruma. "Neno limetoka kwenu, mama. Halikuota miguu."

Kila siku nilimuuliza Kasuku: ulimwambia nani? Kila siku jibu ni lile lile. Sijamwambia mtu.

Na Daktari akanipigia mwenyewe. Sauti ile ile ya chini.

"Pole sana, mama yangu. Mwalimu Mkuu kanieleza. Nyumbani mnaishi na nani?"

Nikamtajia.

"Simsemi mtu. Ila katika kazi yangu, mara nyingi mambo haya hutoka ndani. Mwangalie tu. Usimwambie kwamba unamwangalia."

Nikaanza kumwangalia wifi yangu.

Sijui kama umewahi kumtazama mtu kwa jicho hilo. Akitoka nje kupokea simu, unajiuliza anaficha nini. Akiuliza Kasuku anatoka saa ngapi, unashtuka. Akikaa kimya, ndiyo kabisa. Na siku ile ya bafuni, si alikuwa nyuma ya mlango?

Jioni moja alikuwa anapiga pasi sare ya Kasuku. Uvumilivu ukanishinda.

"Wifi, siku ile ulipogonga mlango wa bafuni, ulisikia nini?"

Akaisimamisha pasi. "Unaniuliza mimi?"

"Nauliza kwa ajili ya mtoto wangu."

"Mtoto wako." Alilirudia polepole. "Huyu niliyemwogesha kitovu hakijaanguka, wewe umelazwa hoi. Leo ni mtoto wako."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alimaliza kuipiga pasi ile sare, akaikunja vizuri, akaiweka kitandani kwa Kasuku. Kisha akaingia kufunga mizigo yake.

Mume wangu alirudi kazini akamkuta mlangoni na begi. Akasimama katikati yetu, miwani ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso, hajui amshike nani.

"Mwambie abaki," akaniambia.

Nikasogea pembeni, wifi akapita.

Baada ya hapo aliniongelesha ya lazima tu. Chumvi iko wapi. Funguo ziko wapi. Lililonitia hofu zaidi ni jingine: Kasuku alikuwa kimya. Alikula kimya, akaoga kimya. Nyumba ilikuwa kama imezimwa umeme.

Tulibadilisha neno. Hilo jipya sitaliandika hapa.

Jumamosi Mwalimu Mkuu akaitisha kikao cha dharura. Watoto wangekaa chumba cha jirani na mwalimu wa zamu, wazazi ukumbini. Na Daktari angekuja kututuliza.

Alikuwa amesimama mlangoni anapokea watu. Kwenye ukosi wa shati amebana kipaza sauti kidogo cheusi, kama mdudu. Akanipa pole kwa mikono miwili. Kisha akainama kwa Kasuku.

"Hujambo, shujaa wangu."

Mwanangu akajinyanyua kwa vidole vya miguu, akaweka kiganja mdomoni, akamnong'oneza Daktari sikioni.

Bila kuombwa. Kama mtu anayefanya jambo alilolizoea.

Daktari akatabasamu, akampigapiga begani, akageukia wazazi wengine.

Nilimvuta Kasuku hadi nyuma ya ukuta.

"Umemwambia nini?"

"Neno jipya."

"Kwa nini?"

"Huwa anayapima, mama. Anaangalia kama ni gumu. Siku ile darasani tulipanga mstari, kila mtu akamnong'oneza lake. Akasema likibadilika tumwambie tena."

"Kasuku! Nimekuuliza kila siku ulimwambia nani, ukasema hujamwambia mtu!"

Macho yakamjaa maji. "Umeuliza mtu. Yeye alisema yeye si mtu, ni daktari wa maneno. Na wewe ulisema chochote atakachosema nifanye."

Nilimkabidhi kwa mwalimu wa zamu, nikaingia ukumbini na mwili uliokuwa kama si wangu.

Daktari alikuwa ameshaanza.

"Wazazi wenzangu, adui wa mtoto hatoki mbali..."

Nikasimama.

"Daktari, samahani. Nina swali dogo."

"Uliza, mama yangu."

"Neno jipya la mwanangu ni lipi?"

Yeye akatabasamu kwa upole ule ule. "Nitalijuaje mimi?"

"Kakunong'oneza sasa hivi. Hapo mlangoni."

Akawageukia wazazi, mikono wazi. "Mama yetu kapitia mazito. Tumvumilie."

Minong'ono ikaanza. Masikini, bado ana mshtuko. Mwalimu Mkuu akaniambia, "Mama, kaa tafadhali." Mtu nyuma yangu akanivuta sketi nikae.

"Sikai," nikasema. "Watoto wako chumba cha pili. Kila mtu akamuulize wake swali moja tu: nani alilipima neno lako? Kama naota, mnitoe nje."

Hakuna aliyesogea.

Kisha kiti kikakwaruza sakafu. Baba Pacha aliinuka, akatoka. Daktari akanywa maji.

Baba Pacha akarudi na mapacha wake, mmoja kila mkono. Rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika, imekuwa kama majivu.

"Semeni," akawaambia. "Semeni mlichoniambia."

"Tulimnong'oneza Daktari," akasema wa kwanza.

"Na kile kingine."

Mapacha wakatazamana. Wa pili ndiye aliyesema, akiangalia viatu vyake.

"Sisi tulishaenda na mjomba. Alilisema neno letu. Akatuzungusha na gari, akatununulia soda, akaturudisha getini kabla baba hajaja. Akasema tusiseme. Akasema siku nyingine tutaenda mbali."

Baba Pacha huwa anachelewa kuwachukua. Kazi za majokofu hazina saa. Yule mtu alilijua na hilo.

Viti vilianguka. Wazazi walitoka mbio kuelekea chumba cha watoto, wanagongana mlangoni, wengine wanaita majina wengine wanalia tu. Nami nilitaka kukimbia, lakini macho yangu yaliganda jukwaani.

Daktari alikuwa anachomoa waya wa kompyuta yake. Anauzungusha mkononi vizuri, duara baada ya duara, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Baba Pacha aliwakabidhi wanawe kwa Mwalimu Mkuu, akavuta kiti hadi mlangoni, akakaa, akaweka mkoba wa vifaa magotini.

"Hatoki mtu hapa," akasema. "Na wewe fundi wa malezi, kaa chini."

Akakaa. Mwalimu Mkuu akapiga simu polisi, wakaja kumchukua.

Walituita baadaye kituoni kutambua sauti. Kile kipaza sauti cha ukosini kilikuwa kinarekodi, tangu siku ile ya darasani. Tulikaa kwenye chumba kidogo, wazazi tumebanana, askari akabonyeza kitufe.

Ikaanza minong'ono.

Watoto wetu, mmoja baada ya mwingine, pumzi zao karibu kabisa na masikio yetu. Kila mzazi akisikia ya mwanawe ananyoosha mkono, kama tulivyonyoosha siku ile ukumbini. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Ikafika ya Kasuku. Bata kavaa soksi. Halafu kicheko chake, kile ninachokijua.

Na juu ya kicheko hicho, sauti ya chini, ya upole: "Zuri sana. Gumu. Hakuna atakayelijua."

Nami nikanyoosha mkono.

Yule mwenye kofia hajapatikana hadi leo. Daktari hajamtaja. Kila mwanamume mpole mwenye shati la mikono mirefu akiingia dukani kwangu kununua dawa ya kichwa, kinachouma ni kichwa changu mimi.

Lakini hilo silo linalonikosesha usingizi.

Sote tulikuwa tunasubiri jambo moja: tuambiwe yule mtu alikuwa tapeli. Kwamba vyeti ni vya kughushi, kwamba udaktari kajipachika. Mwalimu Mkuu alikuwa anauliza kila akikutana na mpelelezi. Tungepumua. Tungesema tulidanganywa, yakaisha.

Siku moja mpelelezi akatuita, akatuambia.

"Vyeti vyake tumevihakiki vyote. Ni halali. Huyu ni mtaalamu kweli, kasomea, kafundisha miaka. Na aliyowafundisha kuhusu neno la siri ni sahihi. Wenzake waaminifu nao wanafundisha hivyo hivyo."

Mwalimu Mkuu alijifunika uso.

Mungu wangu, laiti mtu yule angekuwa mwongo.

Nilikwenda kwa wifi yangu. Amepanga chumba, cherehani iko dirishani. Alimkumbatia Kasuku hadi mtoto akalalamika hapumui. Mimi akanikaribisha kwa heshima zote. Akanifutia kiti. Akaniuliza habari za kazi. Akaniletea maji kwenye glasi, juu ya kisahani, kama mgeni aliyetoka mbali.

Nilimwomba msamaha. Akasema amesamehe, na naamini amesamehe. Lakini hakurudi, na kila nikienda bado ananiletea maji kwenye kisahani.

Sasa niwaambie nilichokipata, mimi niliyekilipia.

Sisemi msiende kwenye semina. Nitakwenda tena wakiita, na nitakaa mbele. Ila tunawafundisha watoto wamkatae mgeni wasiyemjua. Yule tunayemleta sisi, tunayempigia makofi, tunayemwambia mtoto asubuhi "msikilize huyu," mtoto atamkatalia kwa ruhusa ya nani?

Ruhusa hiyo umpe wewe. Mpe leo, kabla hajavua sare. Mwambie kwamba hata mtu niliyekwambia umsikilize, roho yako ikikataa, nawe kataa. Awe mwalimu, awe daktari, awe ndugu.

Mimi nilimwambia Kasuku tukiwa njiani kutoka shule, nimemshika mkono.

Alitembea kidogo akifikiri.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akauchomoa mkono wake kutoka kwenye wangu. Taratibu, huku ananitazama usoni, kama anajaribu kuona nitafanya nini.

Barabara ilikuwa na magari.

Nikauachia.